Suti ya Mrefu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimemwona Mrefu! Mpenzi wangu wa shule, tuliyekaa naye dawati moja na kuahidiana mbingu na nchi. Mimi niliishia kidato cha pili, yeye akaenda mpaka chuo. Kaingia dukani na kitambaa kizuri cha suti — anaoa wiki ijayo! Mama Fundi, mwenye duka, akaniambia nimpime, akatoka kununua vifungo.
Nimeshika tepu, mkono ukagoma. Nimzungushie mikono kiunoni? Yule? Nikajitia bingwa: vipimo vyako ninavyo kichwani, si mimi niliyekuwa nakupunguzia suruali za shule? Akacheka. "Bado una mdomo, Sindano!"

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia mume wangu. Eti, "Huyo mwenye shingo ya twiga ndiye alikuwa anakunyima usingizi?" Tumecheka mpaka mtoto akaamka.
Mama Fundi kasema suti hii ikitoka vizuri, meza ya kukatia ni yangu. Mimi, niliyeanza kwa kushona vifungo!

Alhamisi, 7 Machi
Nimekata. Mkasi umeteleza kama kwenye siagi. Na mwanangu kaota jino! Kanijaribia kidoleni.

Jumanne, 12 Machi
Jamani jamani.
Mrefu kaja kujaribu, na mchumba wake. Koti halina neno. Suruali — imefika kiunoni ikagoma kufunga. Kumbe chini ya lile shati pana kuna kitambi! Nyuma ya pazia nasikia kunong'ona: "Sindano, njoo."
Nikachungulia pazia. "Vuta tumbo ndani!"
"Nimelivuta mpaka limegusa mgongo!"
Mama Fundi huku nje kaniuliza, mwanangu, ulimpima kweli? Kitambaa chenyewe kimekwisha, harusi Jumamosi, na meza yangu naiona inaota mbawa. Mrefu akajibu kutoka ndani: "Alinipima, mama. Mimi ndiye nimenenepa."
"Ndani ya wiki moja?" mchumba akauliza. "Umekula nini, godoro?"
Nikashindwa kumwachia abebe lawama. Nikasema ukweli: sikumpima, niliona haya. Tulipendana shule.
Yule dada akaangua kicheko, akachukua tepu mezani, akanipa. "Mpime basi, dada yangu. Huyo uliyempenda alikuwa mwembamba. Huyu ni wangu."
Nikamzungushia mikono mbele ya wote. Wala moyo haukuruka. Kiuno tu — cha mteja, tena kinatekenyeka! Nikajikuta nawaombea heri, kwa dhati kabisa.
Sasa nanyonyesha huku naandika, hapa hapa dukani. Mama Fundi anafumua mshono wa nyuma aone nimeacha nguo kiasi gani kwa ndani ya kupanulia. Huwa naacha nyingi, yeye hunigombeza kila siku kwamba napoteza kitambaa. Safari hii niliacha? Eh Mungu, niliacha?
Ameinua suruali kwenye mwanga wa dirisha. Anaipima kwa vidole. Sasa ananitazama mimi — mbona kama anajizuia kucheka —