Chiriku, Njoo na Sabuni

Kwa mjukuu wangu Chiriku, mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na unakula, maana nyinyi wasomi mkishika kitabu mnasahau sufuria. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisengenya nikiinuka. Mwandiko umepinda, najua. Wewe usome, usisahihishe.

Usishtuke: mume wetu yuko hospitali, na yu hai. Nimeanza na hilo usije ukalia kabla hujafika chini.

Asubuhi alikuwa akinyoa ndevu, akaporomoka kama gunia. Babu yako, ambaye akipiga chafya mtaa mzima unaitikia, hakuwa na sauti. Mikono baridi, jasho linamtoka, midomo imepauka. Tulipofika, muuguzi akapima presha, akapima tena, akamwita daktari mbio. Mimi nikapaza sauti wampe dripu, mtu amekauka, wanangoja nini?

Daktari mwenyewe binti, rika lako. Akavuta mashine ya magurudumu, akampaka babu yako ute baridi kifuani. Mashine hiyo naijua, ndiyo waliyompima nayo mama yako ulipokuwa tumboni. Nikamuuliza kama siku hizi na wazee wanapimwa mimba. Muuguzi akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Binti hakucheka. Akasema presha ikianguka sababu ni nyingi, naye hatibu kwa kubahatisha. Kwanza auone moyo.

Akanigeuzia kioo cha mashine. Chiriku, nimeuona moyo wa babu yako! Umezungukwa na weusi, unapapatika kama kuku kwenye kapu dogo. Akanieleza kwamba ule weusi ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa moyo, yanaubana usijae damu. Dripu peke yake isingeufungua. Ilibidi ayatoe kwa sindano, akiifuata kwenye kioo, na mzee asitikisike. Nikaacha kudai dripu. Ndiyo, mimi.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sindano ilipokaribia, babu yako aliita. Mimi ndiye niliyemshika mkono, mimi ndiye ninayempikia na kumgombeza maisha yote, naye akaita Chiriku. Wivu ulinipanda, nisikufiche. Kisha nikaona macho yake yanatafuta, na wewe uko mbali. Nikalainisha sauti, nikaitika mimi: nipo, babu, tulia. Akatulia. Maji yakatoka, mekundumekundu, na pale kwenye kioo moyo ukapata nafasi, ukapiga. Vidole vyake vikapata joto ndani ya vyangu.

Alipoweza kusema, akauliza Chiriku kaenda wapi. Nikamwambia kaenda kununua sabuni. Tangu hapo mlango ukilia anageuza shingo, na mimi nageuza uso.

Daktari anasema bado wanatafuta chanzo cha maji yale, ila mzee anaendelea vizuri. Mama yako anakusalimu, nawe wasalimie wenzako wa chumbani.

Njoo upesi. Na uingie na sabuni mkononi, usiniaibishe.

Ni mimi bibi yako,
mke mkubwa