Nilimbeba mgongoni, nikasema simjui

Jumatano. Mvua imekata alasiri na Kolwezi yote ni tope jekundu. Pikipiki yangu iko chini ya paa, haijaoshwa tangu juzi. Mi, mtu anayeiosha mara mbili kwa siku kama bibi harusi! Anayenijua akiiona hivi atajua kuna jambo.

Kuna mtu amekufa.

Nyinyi mnaokuja hapa kwenye ukurasa wangu kucheka, leo mnivumilie. Vichekesho vyangu mnavijua, na maringo yangu pia. Mjini hapa hakuna dereva wa taxi-moto kama mi, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini mdomo wangu uliendelea mpaka ukapata diploma. Kanisani nikishika mikrofoni kutoa ushuhuda, hata wauza karanga wa nje wanaingia. Nyuma ya pikipiki nimeandika kwa rangi DAMU YA YESU, herufi kubwa, ili hata ninaowapita waweze kusoma.

Na kwenye vilio, matanga ya watu, ndiyo usiseme. Kwetu mtu hazikwi bila bajukulu, wale wenye ruhusa ya kumtania marehemu. Wanaiga mwendo wake, sauti yake, alivyokuwa akila, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Mi ni mujukulu wa mtaa mzima. Ninaitwa hata kwenye vilio vya watu ambao si ukoo wangu. Kilio bila mi ni mkutano tu.

Sasa niandike lile lililonileta hapa, maana nikilizungukazunguka nitaanza kuchekesha.

Marehemu ni Héritier. Tulimwita Héri. Alitoka Mutshatsha, Mulunda kama mi, kabila moja, akaja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono huko Musonoi kama vijana wengine wote. Kila asubuhi nilimpakia mi. Simu yake ilianguka kwenye maji ya shimo, kwa hiyo mama yake alimpigia kwenye yangu. Nimeiandika namba hiyo «Mama ya Héri». Tulikula bukari, ugali wetu, sahani moja. Nilimleta kanisani mara mbili, nikamwonyesha kwa mikrofoni: huyu ni ndugu yangu! Watu wakapiga makofi. Héri alikuwa na tabia ya kupiga makofi akiwa amechelewa. Wote wanamaliza, halafu unasikia lake moja, pa, nyuma kabisa.

Jumatatu shimo liliwaangukia. Mahali pale wanachimba bila ruhusa, kwa hiyo wenzake walipomtoa walitaka kutawanyika haraka. Mi nilikuwa juu pale nikingoja abiria; mmoja wao alinisaidia kumpandisha kwenye pikipiki katikati yetu, yeye nyuma akimshika, mi mbele. Kichwa cha Héri kilikuwa kwenye bega langu. Niliendesha kama kichaa. Akaniambia sikioni: «Ndugu, leo enda polepole.»

Sikuenda polepole. Tulipofika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho.

Yule mwenzake aliruka chini, akapotea. Nikabaki mi na mlinzi wa chumba cha maiti, mzee mmoja mwenye daftari.

«Nani njo ndugu yake?»

Hapa lazima mjue kitu. Kwetu ukisema «ni mi», basi kilio ni chako. Turubai katika uwanja wako, viti, moto, chakula, siku tatu hugusi kazi. Na siku ukoo wake ukifika, wanakuja kwako: mulimufanya nini mutoto yetu? Nimeona watu wakipigwa kwa swali hilo. Nimeona wakiitwa wachawi.

Nikasema: «Papa, mi ni taxi-moto tu. Huyu simujui hata jina.»

Shati langu lilikuwa na damu yake mpaka kwenye mkanda.

Mlinzi akaandika. Mi nikatoka. Nje ya geti simu ikaanza kuita: Mama ya Héri. Nikaitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Shati nimelifua. Pikipiki nimeshindwa.

Pale getini huuza chai na mikate mama mmoja mjane, Mama Vero. Ni mtu wa Kasai, jimbo lingine, si wa kabila letu. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Ana sifa moja ambayo nimeifanyia vichekesho miaka mingi: mchimbaji akifa bila ndugu, yeye anamchukua. Anaweka kilio kwake, kwa mtu ambaye hajamwona hata siku moja. Nilimpa jina, «Mama Maiti». Nilikuwa naiga anavyotembea kwenda kuomba viti kwa majirani, watu wanaanguka kwa kucheka. Nilisema pia kwamba dini yake ni ya kimya mno, hawezi kutoa hata ushuhuda wa dakika moja.

Jana watu wa hospitali wakamwuliza kama anamjua huyu kijana. Nimesimuliwa alivyojibu: «Hapana. Mupaka nimujue kwanza njo nimulilie?»

Leo asubuhi nilikuwa nimempakia abiria, nikakuta matawi ya miti yamewekwa barabarani. Ndiyo alama yetu, punguza mwendo, kuna kilio. Nilijua ni cha nani. Nilimshusha yule abiria nikarudi. Sijui kwa nini. Nilijiambia naenda kusalimia tu, nikavuta kiti kwa wageni. Wenyewe walikuwa chini kwenye mikeka: Mama Vero na majirani wanne, wanawake. Ndiyo ukoo wote huo.

Wakaniona.

«Mujukulu! Umefika! Utuchekeshe kidogo, tangu jana kilio imelala!»

«Nitamuiga nani?» nikasema. «Kwani kuna mutu anamujua?»

Mzee mmoja akajibu: «Wewe buni tu. Iga mutu yeyote. Mutoto hawezi kuzikwa kavukavu hivi.»

Watu wakacheka kidogo. Mi pia nilicheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Fundi akaingia na msalaba wa mbao. Akaweka kopo la rangi chini, akachovya brashi, akauliza aandike nini, maana karatasi ya hospitali imesema hajulikani. Mama Vero hakufikiri sana. Akasema: «Andika Mutoto wa Vero.»

Fundi akaandika M. Akaandika U.

Mtoto wa Mutshatsha, Mulunda mwenzangu, amekula nami sahani moja, na anayempa jina ni mama wa Kasai. Na mi nimekaa kwenye kiti cha wageni, simu mfukoni inatikisika tena.

Nikasimama. Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikainua bega la kulia, kama yeye alivyokuwa akitembea, kana kwamba gunia liko pale hata siku ambazo hakubeba kitu. Nikazunguka uwanja hivyo. Nikacheka kicheko chake, kile cha kuvuta hewa ndani kama pampu isiyo na maji. Watu wakaanza kucheka, wakapiga makofi, wakaacha.

Nikapiga lile lake moja. Pa.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alielewa kwamba kitu kama kile hakibuniwi.

«Anaitwa Héritier,» nikasema. «Ni ndugu yangu.»

Nilingojea matusi. Mama Vero aliniangalia. «Nilikuona Jumatatu,» akasema. «Na ile shati. Nikajua huyu atakuja.»

«Mama, sasa mbona ulinyamaza?»

«Ningesema nini? Mi nilikuwa na chai ya kuuza na mutoto ya kulilia.» Halafu akasogea kwenye mkeka. «Toka mu kiti. Ndugu ya maiti anakaa chini.»

Nikakaa chini. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuiga.

Fundi akafuta MU kwa kitambaa, akaniuliza Héritier inaandikwaje. Simu ikaita mara nyingine. Nikapokea.

«Unipatie Héri,» mama yake akasema. «Tangu juzi napiga, munanikimbia?»

Nilifungua mdomo, huu wenye diploma, haukutoa kitu. Mama Vero akachukua simu. Aliyasema yale ambayo mi sikuweza, taratibu, mama kwa mama, akangoja kilio cha upande wa pili kipungue, akamwambia hatutamzika mpaka afike. Halafu akanirudishia.

«Wewe njo ule ndugu yake wa taxi-moto?» sauti ikauliza. «Alikuwa ananiambia juu yako. Alikuwa na nani pale mwisho?»

«Na mi, mama.»

«Asante, mwana.»

Asante. Ningependa anitukane.

Miaka yote nimedhani imani ni ule mdomo. Nilidhani Mungu ananisikia mi kwanza kwa sababu ninapiga kelele kuliko wengine. Na siku niliyoulizwa swali moja tu, jepesi, na mlinzi mwenye daftari, yule aliyejibu kwa niaba yangu ni mama niliyemfanyia vichekesho.

Nimerudi nyumbani kuchukua blanketi tu. Ninarudi kule kwenye mkeka. Kabla ya kutoka nitaiosha pikipiki. Nitaiosha mwenyewe, bila haraka.

Mama ya Héri anafika kesho asubuhi kwa lori. Amesema nimngojee barabarani, nimpeleke mi mwenyewe akamwone mtoto wake. Nitaenda polepole, jinsi alivyoniomba Héri. Lakini ule mlango wa chumba cha maiti ni uleule, na yule mzee wa daftari atakuwa pale pale, atanitambua.

Kabla hajapanda nitamwambia mama huyu kwamba nilimkana mtoto wake, au nitangoja aambiwe na daftari?