Yule Niliyemficha Kinamasini

Jakobsberg, 3 Oktoba 2009

Dada yangu mpenzi Godelieve,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote hapo Buyenzi. Goti lako linaendeleaje tangu uanze zile dawa? Sisi tuko wazima. Inès anakusalimu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini jina la shangazi yake hakosei.

Uliona picha ukauliza ni kazi gani hii ya kunipaka matope hadi kwenye nyusi. Ni kwenye kinamasi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Chini kuna nyiramugengeri, ule udongo mweusi ambao kwetu hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Kampuni moja inautaka wote. Kabla haijaingiza mashine, wataalamu wa mambo ya kale wanachimba polepole kutafuta vitu vya watu wa zamani. Mimi ni mshika koleo tu. Gunvor, mkuu wetu, alituagiza siku ya kwanza: ukikuta kitu, usiguse, chomeka kibendera uniite. Kikipatikana cha maana, mahali pale panalindwa. Kisipopatikana, mashine zinapita. Mama wa watu, anavyolipenda tope lile, ungemcheka.

Alhamisi ya wiki iliyopita, wenzangu wakiwa kwenye kahawa, nilikuta mtu. Fuvu, mbavu na mkono mmoja, vyote vimekuwa rangi ya chai. Alikuwa amelala kifudifudi. Kibendera kilikuwa mfukoni mwangu, Dada, na sikukichomeka. Niliwaza kwamba watampima, watampa namba, watamtia kwenye sanduku, na hakuna atakayemwombea. Nikamkusanya kwenye koti langu, nikamzika pembeni, sehemu iliyokwisha kukaguliwa, nikasali Baba Yetu. Kisha nikaenda kunywa kahawa na wenzangu.

Kumbe nimemmaliza. Jana Gunvor alitutangazia, macho yamemwiva, kwamba hatukupata kitu na ameshatia saini. Jumatatu mashine zinaingia. Zitakwangua hadi pale nilipomlaza.

Utauliza ni wazimu gani ulinipata. Hapa ndipo mkono unakuwa mzito. Mwaka wa tisini na tatu, wakati wa yale mauaji, nilirudi nikawaambia nimemzika Baba kwa mikono yangu, chini ya mikaratusi. Sikumzika. Walipomwangusha nilikuwa nimejificha kwenye mafunjo, hatua ishirini hivi, na walipoondoka nikakimbia upande wa pili. Hata kumgeuza uso sikumgeuza. Mama alilia akitaka kujua amelala wapi, nami nikamtajia mahali, ili anyamaze tu. Kwa neno langu mliondoa matanga. Kwa neno langu ulisimamisha msalaba wa saruji, na Mama alipokuwa anakufa akaomba alazwe ubavuni mwa mumewe, ukamtimizia.

Kesho asubuhi nitampigia Gunvor nimwonyeshe nilipomficha yule mtu. Kazi nitaikosa, pengine na polisi wataniita. Sawa. Lakini nimeona aibu kumwambia Mswidi ukweli kabla yako.

Baba alianguka ng'ambo ya daraja, mkono wa kushoto, penye mafunjo. Ukipata nguvu, mpeleke padri akasali huko. Sikuombi unisamehe leo.

Nisalimie watoto wote, na Roméo umwambie viatu alivyoagiza vinakuja. Ukifika makaburini, niombee radhi kwa Mama. Amelala pale peke yake, na aliyempeleka ni mimi.

Mdogo wako,
Sixte