Namba ya Dokta

Jumatano, Ipogolo. Baridi ya asubuhi imegoma kuondoka, na mimi nimeamka na hasira ambazo mpaka jioni hii hazijapungua.

Dokta, msimamizi wangu wa tasnifu, amenirudishia sura ya nne imejaa mistari myekundu. Kila chanzo kisicho na DOI amekikata. Kwa asiyejua, DOI ni namba ya kudumu inayopewa makala. Ukiibofya mtandaoni inakupeleka kwenye makala yenyewe. Ni kitu kizuri, wala sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mtu anayekigeuza kuwa geti na yeye kuwa mlinzi.

Maana alichokata ni ripoti ya bwana shamba mmoja wa parokia, marehemu sasa, aliyeandika jinsi nyanya za Ilula zinavyooza kati ya shamba na barabara. Aliipiga kwa taipureta, imewekwa kwenye kabati la parokia, na utafiti wangu wote umesimama juu yake. Pembeni Dokta kaandika: "Haina DOI. Itoe."

Asiposaini tasnifu kufikia Ijumaa, mwaka huu sihitimu.

Basi nikakaa kukagua namba zilizobaki, moja moja, kwa ubishi tu. Nikafika kwenye makala ya Dokta mwenyewe. Hapa chuoni kila tasnifu lazima itaje makala ya msimamizi, hata kama haihusiani na mada. Sisi wanafunzi tunaita kumpa kamwene, ile salamu ya Wahehe. Nikabofya namba yake.

Ikafunguka makala ya meno ya ngamia.

Nikadhani nimenakili vibaya. Nikachungulia tasnifu za walionitangulia, namba ni ile ile. Miaka yote tumepokezana salamu hiyo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua. Nikaitafuta makala yenyewe mtandaoni, wapi. Jarida lililoichapisha lilishajifia.

Nikaenda ofisini kwake. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha. Akasema mtandao wangu mbovu. Akabofya kwenye kompyuta yake, ngamia akatokea na kwake. Akaufunga ukurasa, akasema, "Yangu iache tu. Nakala ninayo kabatini."

"Na ya bwana shamba, Dokta? Nayo ipo kabatini."

"Binti, unataka kuhitimu au unataka kubishana?"

Nikasema asante Dokta, nikatoka. Asante ya nini? Ile asante naichukia kuliko mistari yote myekundu.

Na namchukia na yeye, niseme tu ukweli. Sio kwa sababu namba yake ni mbovu, namba huharibika. Namchukia kwa sababu kabati lake ni ushahidi na kabati la parokia ni takataka. Yule marehemu alizunguka mashamba ya watu kwa baiskeli, akahesabu matenga yaliyomwagwa. Huyu anamfuta kwa kalamu bila hata kumsoma.

Mchana nimeirudisha ripoti ya bwana shamba kwenye tasnifu. Nimeandika jina la mwandishi, mwaka, parokia, na kwamba imehifadhiwa kwenye kabati la ofisi ya paroko. Anayeitaka aende akaisome, mlango huwa wazi. Kisha nimeitoa makala ya Dokta, maana sheria ni yake: kisicho na DOI kitoke, na ile yake ni ya ngamia. Tasnifu nzima sasa haina kamwene.

Nimeituma. Nilipobonyeza sikujisikia shujaa.

Muda si mrefu mama kapiga simu kutoka Mwanjelwa. Kitenge cha mahafali ameshakikata, fundi anasubiri vipimo vyangu tu. Nikajipima kiuno kwa waya wa chaja, nikaulaza kwenye rula, nikamtajia. Akauliza, huko mambo yako sawa mwanangu? Nikasema ndiyo mama, yako sawa.

Mpaka Ijumaa sitajua kama nimemdanganya.