Mita Arobaini

Dada mpendwa,

Nakusihi usome barua hii peke yako, kisha uichome. Mumeo asijue hata neno moja.

Tangu uende masomoni, watoto hawajambo. Mdogo ameng'oka jino, sasa akicheka huziba mdomo. Ofisini wananiita Profesa, kwa sababu nasomea mtihani wa fizikia wakati wa chakula.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitutuma tutafute mfano wa msuguano mtaani. Nikapima alama za tairi pale kona, shemeji alipomgonga fundi viatu. Zina urefu wa mita arobaini. Shemeji aliwaambia polisi alikuwa na mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, na kwamba fundi alijirusha mbele ya gari. Mwendo huo, kwenye lami kavu, huacha kama mita tano tu. Mimi napata mwendo wa themanini na tano. Nimefuta na kurudia hesabu hadi karatasi ikatoboka.

Jana mezani akaniuliza, "Shemeji, nasikia ulikuwa unapima barabara. Umepata nini?"

Nikamwambia hesabu imenishinda.

Akacheka. "Afadhali. Kula, chakula kinapoa."

Fundi bado amelazwa, na lawama anabebeshwa yeye. Nyumba ni yako, watoto ni wako, nami nalala kwenu. Naogopa, dada.

Usinipigie nyumbani. Piga ofisini mchana, uombe kuitiwa Profesa. Usitaje ajali, niambie tu nikaseme au ninyamaze. Ukisema nikaseme, nitatoka kazini moja kwa moja hadi polisi, na kuanzia siku hiyo unitafute kwa shangazi.

Mdogo wako