Wekesa Ameanza, na Nusu ya Msimu Imeisha Vibaya

Ijumaa, Al Mansoura. Nje kuna lile joto la unyevu la kukulowesha kabla hujafika kwa duka la chai ya karak. Leo ni ofu yangu na niliamka nikiwa na furaha. Sasa hivi nimenuna mpaka mlio wa AC unaniudhi.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi husafisha vyumba hotelini hapa Doha, na ndugu yangu mdogo, Wekesa, hulipwa kucheza besiboli huko Japani. Ndiyo, besiboli. Kwetu ni Malaba, na yeye alisomea ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, ambako mwalimu mmoja alimtia mkononi kale kampira kagumu akagundua kijana ana mkono wa kurusha. Ni mrushaji. Timu ni ndogo, mji wenyewe mdogo, lakini ni kazi ya kandarasi. Na hiyo kandarasi ndiyo inaninyima raha, kwa sababu msimu umefika katikati na Jumatatu wakubwa wa timu wanakaa kuamua ni wageni gani wabaki na nani apandishwe ndege.

Basi wacha niitathmini hii timu, maana hakuna aliyeniuliza.

Ni takataka.

Wapigaji wanapunga gongo kama wanafukuza nzi. Walinzi wa nyuma wanaachiana mpira kwa heshima, huyu anamwangalia yule, mpira unaanguka katikati yao. Kocha anainama na kutabasamu huku tunachapwa. Nusu msimu mzima nimekula chakula cha mchana kwenye kantini ya wafanyakazi, simu imeegemea chupa ya maji, nikiwatazama wakipata uongozi na kuutupa. Kitu pekee kinachofanya kazi pale ni ndugu yangu. Timu ikiwa mbele kidogo na mechi inakaribia kuisha, anaingizwa, anarusha, watu wanaenda nyumbani.

Hapo ndipo familia yangu ilipotia mkono.

Sisi ni watu wa kandanda. Kwetu anayeingia mwisho ni mchezaji wa akiba. Kwa hivyo kwenye grupu la familia kilio kilikuwa kimoja: mtoto anawekwa benchi! Baba Mdogo Simiyu, aliyewahi kufundisha timu ya shule, ndiye aliyeongoza kilio hicho. Kanisani wakamwombea atolewe benchi. Hata mimi nilifura hivyo hivyo mwanzoni, mpaka Liza, Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja, akanicheka machozi yakamtoka. Kaka zake hucheza huo mchezo. Akanieleza kwamba anayeingia mwisho ndiye anayeaminiwa zaidi, ndiye anapewa ufunguo wa kufunga duka. Nikawaandikia grupu maelezo marefu. Baba Mdogo akajibu, "Nekesa, mimi nimefundisha mpira kabla hujaota meno."

Khalas, yaishe. Nikawaachia.

Wiki hii Wekesa akamwendea kocha, akaomba aanze mechi. Kocha akainama, akakubali. Leo akaanza.

Kule ikiwa jioni, hapa Doha na Malaba ni saa sita mchana. Grupu liliwaka tangu asubuhi, Baba Mdogo anatuma ngumi na bendera. Na mwanzoni, aki ya nani, kijana alirusha! Nilipiga kelele mpaka Liza akanitupia mto. Lakini mkono wake umezoea kazi fupi ya kumaliza nguvu zote mara moja. Saa moja baadaye alikuwa amechoka, kila mpira anaourusha unapigwa unapaa nje ya uzio. Wakamtoa kichwa chini. Tukashindwa. Kwenye grupu, Baba Mdogo hata pole hakuandika.

Na kikao ni Jumatatu!

Nikampigia nimfokee. Nikamfokea kweli. Nilimuuliza ni mtu gani mwenye akili anayechezea kazi yake kwa sababu ya kelele za WhatsApp. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Sista, si Baba Mdogo. Ni mama."

Mama anauza chakula pale Malaba. Madereva wa malori wanamjaa kuanzia saa saba, kwa hivyo Wekesa anapoingia mwisho wa mechi, mama yuko kwenye sufuria anasonga ugali. Lakini kila mara humwambia, "Nimekuona, mwanangu. Umecheza vizuri sana." Juzi juzi alimwambia hivyo siku ambayo Wekesa hakuingia uwanjani kabisa. Ndipo akajua mama hajawahi kumwona akirusha hata mpira mmoja. Akaona wakimfukuza Jumatatu, atarudi nyumbani bila mama kumwona. Saa sita, kabla malori hayajafika, ilikuwa nafasi yake ya pekee.

Bado nina hasira, na sijui hata ni ya nani. Nina hasira na ile timu, na Baba Mdogo, na huyu mvulana mjinga. Pia na sisi wote, maana hakuna aliyewahi kumuuliza mama kama anaona.

Jioni hii mama amenipigia. Hayuko kwenye grupu, ana kabambe, simu ya vitufe tu, mechi aliitazama kwa simu ya jirani. Alikuwa anacheka peke yake. "Nekesa, leo nimemwona! Amesimama juu ya kile kichuguu cha kurushia, uwanja mzima unamngoja yeye! Halafu madereva wakafika, nikaenda kupakua. Alimaliza vizuri?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni.

"Nimemwona, mama," nikamwambia. "Amecheza vizuri sana."