Ukurasa wa Tisini Mbele ya Wavuvi

Yusra, nimejifungia maabara. Nina hasira mno.

Dk. Urbanus, bosi wangu, amesoma riwaya yangu kwenye kikao. Kwa sauti. Mbele ya wavuvi wa Ilagala.

Nilikuwa katikati ya ripoti yangu ya dagaa, ile ya miaka sita, nawaonyesha wanavyopungua. Bosi akanikatiza, akatoa kitabu mkobani, akafungua ukurasa wa tisini. Lile busu, Yusra. Kalisoma lote, taratibu, watu wanacheka.

Halafu akasema, "Mwandishi wa mabusu, tumwamini kwa hesabu za samaki?"

Mwandishi wa mabusu. Mimi, niliyeugua malaria mara tatu kwa ajili ya hao dagaa.

Akatangaza utafiti wangu anapewa Isaka, mwenzangu wa maabara. Isaka kainamisha kichwa tu.

Kinachomuuma ni kwamba kitabu kinauzwa nchi nzima, kimechapwa mara nne. Na anajua sijawahi kuandika hata mstari saa za kazi.

Nikamwambia, "Sawa, Daktari. Niandikie barua kwamba unaniondoa kwa sababu naandika mapenzi. Nikiipata, namkabidhi Isaka kila kitu leo hii."

Akafunga kitabu.

Mama mmoja mchuuzi, Bi Mwanakheri, akasema, "Mwacheni amalize. Sisi tumefuata habari za dagaa."

Nikamaliza, machozi nimeyazuia kwa nguvu. Wavuvi wameniuliza maswali saa nzima.

Saa hizi ni saa tisa alasiri. Barua hajaandika.